Papa akisema "uwape tu kwa deni," programu iandikwe vipi?

Swali: Mwalimu, jambo. Ninatengeneza programu ya mauzo kwa depo moja ya saruji na unga wa mahindi hapa Lubumbashi. Depo iko komini ya Kenya, na kuna tawi Kasumbalesa, mpakani. Papa mwenye mali hana muda wa vikao. Maamuzi yake yananifikia kwa odio za WhatsApp, kwa simu, au tukiwa tumesimama mlangoni lori likishushwa mzigo. Dada yake, ambaye ndiye anayeshika fedha, mara nyingi ananiambia jambo lingine kabisa. Nikimaliza kipande cha kazi na kukionyesha, Papa anasema, "Sikusema hivyo." Nilimpelekea karatasi ya mahitaji atie sahihi, akaniuliza kama simwamini. Nifanyeje ili maneno haya ya njiani yawe mahitaji yanayoeleweka?

Jibu: Mdogo wangu, jambo. Vijana wengi wanaojua kazi ya programu vizuri wanapoteza wateja hapo hapo ulipofika wewe, na inaniuma, kwa sababu tatizo hili lina dawa.

Papa anaposema "sikusema hivyo," usikimbilie kufikiri kwamba anakugeuka. Mara nyingi anasema kweli. Siku ile mlangoni, aliposema "uwape tu kwa deni," alikuwa anamtazama mteja anayemfahamu tangu zamani, fundi anayejenga Ruashi na anayelipa kila mwisho wa mwezi. Aliamua juu ya mtu huyo mmoja. Wewe ukasikia kanuni ya wateja wote, ukaenda nyumbani ukaiandika kwenye programu. Wiki mbili baadaye mgeni aliyefika jana anachukua mifuko thelathini kwa deni, na Papa anashangaa. Kila mahali unapojaza pengo kwa kukisia, unaamua juu ya mali ya mtu bila yeye kujua.

Kwa hiyo kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo naona umevichanganya kwenye ile karatasi. Kuna uamuzi, na kuna hitaji. Uamuzi ni neno la mwenye mamlaka: nani amesema, siku gani, kwa sababu gani, akimfikiria nani. Hitaji ni sentensi kuhusu programu: jambo gani likitokea ifanye nini, na tutajuaje kwamba imefanya. Uamuzi ni wa Papa. Hitaji ni kazi yako wewe. Ulipompa karatasi ya mahitaji atie sahihi, ulimtaka athibitishe kazi yako ambayo hana namna ya kuipima, na ndiyo maana alichosikia ni kwamba humwamini.

Tuchukue odio moja ya aina unayoieleza: "Wateja wetu wa zamani uwaache wachukue kwa deni, lakini isipite kiasi. Wakilipa faranga, upokee tu." Ni maneno machache, na mtu wa depo anayaelewa yote. Sasa yasikilize kama mtu ambaye atalazimika kuyajaribu kwenye kompyuta.

"Wa zamani" ni nani? Waandika programu wengi wanakimbilia kutunga fomyula: aliyenunua kwa miezi sita, aliyenunua mara kumi. Usifanye hivyo. Uzamani anaouzungumzia Papa ni imani, na imani haihesabiwi kwa idadi ya faktura. Kuna mtu amenunua kwa miaka mitatu na Papa hawezi kumkopesha hata mfuko mmoja. Hapo hitaji sahihi ni kumpa Papa mahali pa kuweka alama kwenye jina la mteja, "huyu ana ruhusa ya deni," na kwamba hakuna mwingine anayeweza kuiweka alama hiyo. Mara nyingine hitaji zuri ni lile linalomwachia binadamu uamuzi wake na kuzuia programu isijifanye inajua.

"Kiasi" ni kiasi gani, na ni kimoja kwa wote au kila mteja na chake? Kinahesabiwa kwa dola au kwa faranga? Deni alilochukua Kenya na lile alilochukua Kasumbalesa yanajumlishwa? "Isipite" maana yake programu ikatae, ionye tu, au imwulize Papa? Na faranga zinapokewa kwa kiwango cha kubadilisha cha siku aliyonunua au cha siku aliyolipa? Hili la mwisho linaonekana dogo mpaka ulipigie hesabu. Mteja ameleta faranga 250,000. Kwa kiwango cha 2,500 deni lake linapungua dola 100. Kwa kiwango cha 2,400 linapungua dola 104.17. Ni mtu mmoja, malipo mamoja, na tayari kuna dola nne ambazo dada yake Papa, mama mtunza fedha, atazitafuta jioni asizione.

Maswali hayo yote ni halali, lakini usiyatume kama orodha. Mtu aliyesimama na dereva wa lori hajibu maswali saba. Atajibu la kwanza, atanyamaza kwa mengine, na wewe utachukua ukimya kama ruhusa. Badala yake mtumie faktura iliyokwisha kujazwa. Mwenye biashara huenda asisome sentensi yako kuhusu programu, lakini faktura anaisoma, na jicho lake linaliona kosa upesi kuliko lako. Mwandikie siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama na kabla hajasahau alikuwa anamfikiria nani:

"Jambo Papa. Nimekusikia kuhusu deni. Nimeelewa hivi, unisahihishe. Mteja umemruhusu deni la dola 500. Tayari anadaiwa 420. Leo anataka mifuko 10 ya saruji, kila mmoja dola 12. Deni litafika 540. Programu itakataa mpaka wewe uruhusu kwenye simu yako. Kesho akileta faranga 250,000, na kiwango ulichoweka asubuhi ya kesho ni 2,500, tunamtolea dola 100. Ni hivyo?"

Angalia kilichofanyika. Katika mistari michache umeweka majibu ya kukisia kwa karibu maswali yote, na umeyaweka pale anapoweza kuyaona. Usiogope kukisia namna hii. Kukisia kunakoharibu ni kule kunakojificha ndani ya msimbo.

Naye atajibu jambo ambalo usingelipata kwa kufikiri peke yako. Kwa mfano: "Hapana, usimkatalie mteja. Mpe sita, zile zingine alipe." Piga hesabu uone jinsi alivyo sahihi: mifuko sita ni dola 72, deni linafika 492, kikomo hakijavukwa. Mifuko minne iliyobaki ni dola 48, taslimu. Wewe ulikuwa na programu inayosema ndiyo au hapana. Yeye alikuwa na biashara ambamo faktura moja inagawanyika sehemu mbili, deni na taslimu. Hilo si rekebisho dogo. Linagusa namna unavyopanga hifadhidata yako. Ni bora kulijua kwa ujumbe mmoja wa jioni kuliko kulijua baada ya kumaliza kazi.

Sasa ndipo unaandika hitaji, kwa ajili yako na kwa ajili ya atakayekusaidia kupima. Kuna mtindo wa kuandika mahitaji unaoitwa EARS ambao Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce waliutangaza mwaka 2009, wakiwa kwenye kazi ya mifumo ya kuongoza injini za ndege. Ni rahisi na unakaa vizuri katika Kiswahili. Jambo linaloanzishwa na tukio linaanza na "pindi." Jambo linalodumu muda wa hali fulani linaanza na "wakati." Jambo baya linalotakiwa kuzuiwa linaanza na "iwapo," likifuatwa na "basi." Kisha unataja programu, kisha unataja inachofanya. Hitaji letu linakuwa hivi:

"Iwapo mauzo ya deni yangefanya deni la mteja lipite kikomo chake, basi programu lazima iweke kwenye deni mifuko mizima inayotosha ndani ya kikomo tu, na ioneshe kiasi cha kulipa taslimu kwa mifuko iliyobaki."

Na chini yake kipimo: kikomo 500, deni la sasa 420, mifuko 10 kwa dola 12, matokeo ni mifuko 6 kwenye deni, mifuko 4 taslimu, dola 48 za kulipa, deni jipya 492. Umeona kwamba kipimo chenyewe ni ule ule ujumbe wa WhatsApp ukiwa umesahihishwa na Papa? Hukuandika kitu mara mbili. Mfano alioukubali mwenye mali ndio utakaotumika kuipima programu, na siku ya kuonyesha kazi utaanza na mfano huo huo mbele yake.

Neno "lazima" pale nimeliweka kwa makusudi. Watu wa viwango vya intaneti waliwekeana tangu 1997, katika waraka unaoitwa RFC 2119, tofauti kati ya lililo lazima, linalofaa, na linaloruhusiwa. Weka tofauti hiyo kwako pia. Papa akisema "ingekuwa vizuri mteja apate SMS," hilo ni linalofaa, usiliandike kama lazima na kujifunga nalo. Na hitaji moja libebe jambo moja. Kiwango cha kimataifa cha kazi hii, ISO/IEC/IEEE 29148, kinataka hivyo pamoja na kwamba liwe na maana moja tu na liweze kuthibitishwa. Ukiona "na pia" katikati ya sentensi, jaribu kuikata. Maneno kama "haraka," "rahisi," "kwa kawaida" na "ikiwezekana" yaache kwenye odio. Yakiingia kwenye hitaji, hakuna atakayeweza kusema kama umemaliza kazi.

Uamuzi wenyewe nao una mahali pake. Fungua daftari la maamuzi, faili moja ya kawaida inayokaa pamoja na msimbo. Michael Nygard, mhandisi wa programu, alipendekeza mwaka 2011 kwamba timu ziandike hivyo maamuzi ya usanifu wa programu, kila moja kwa ufupi, na namna hiyo inafaa vilevile kwa maamuzi ya mwenye mali. Kila uamuzi unapata namba, tarehe, nani kasema na wapi, maneno yake mwenyewe, sababu kama aliitoa, na mfano aliokubali. Maneno yake uyaandike jinsi alivyoyasema, Kiswahili cha hapa kikiwa kimechanganyika na Kifaransa, bila kuyapamba. Ukiyatengeneza yawe mazuri unaingiza maana yako humo. Odio yenyewe uitoe kwenye simu na kuihifadhi, maana simu hupotea, na mazungumzo ya WhatsApp yakiwekewa kujifuta hayarudi.

Jambo ambalo Nygard alilisisitiza, na mimi nalirudia kwa nguvu: uamuzi wa zamani haufutwi. Ukibadilika, unaandika mpya wenye namba yake, na ule wa kwanza unaandika kando yake "umebadilishwa na namba fulani." Papa ana haki ya kubadili mawazo. Bei ya saruji ikipanda, deni la dola 500 linaweza kuwa halina maana tena. Daftari likiwa hivyo, mazungumzo yenu hayawi tena ya nani anakumbuka vizuri. Unamwambia tu, "Papa, mwezi uliopita ulitaka hivi kwa sababu hii. Sasa unataka hivi. Naandika jipya." Na kila hitaji libebe namba ya uamuzi uliolizaa, ili uamuzi ukibadilika ujue mara moja ni sehemu zipi za programu zinaguswa.

Kuhusu dada yake. Nadhani umekuwa ukimchukua kama mtu anayeharibu maamuzi ya kaka yake. Mimi naona ndiye mdau anayeijua kazi ya kila siku kuliko mwingine yeyote hapo, na pale maneno yao yanapogongana mara nyingi kuna kitu halisi ambacho wewe hujakielewa. Mpigie hodi kwa heshima, mwombe akuonyeshe anavyofunga hesabu ya jioni kwa mkono, na ukae utazame. Baadaye tafuta kujua nani ana neno la mwisho juu ya jambo gani. Bei na deni ni vya Papa, hilo liko wazi. Namna ya kuhesabu fedha za kasha na kurudisha chenji ya dola kwa faranga inaweza kuwa ya Mama peke yake, na Papa mwenyewe atakuambia hivyo ukimwuliza. Mzigo kutoka stoo, mwulize mtunza stoo. Wakigongana kwenye jambo moja, usibebe maneno ya huyu kumpelekea yule. Waweke wote wawili mbele ya faktura ile ile ya mfano, hata kwa dakika tano, na waache waongee wao.

Yako pia mambo ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuyaamua. Tuseme Mama anataka aweze kufuta faktura aliyoikosea, na Papa hataki kitu chochote kifutwe. Hapa usichague upande. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na sheria ya uhasibu ya OHADA inataka kosa lirekebishwe kwa kuliandika tena kwa alama ya kutoa, kisha lililo sahihi liandikwe; lililokwisha kuandikwa halifutwi. Kwa hiyo hitaji linakuwa kubatilisha faktura kwa faktura ya kinyume, yenye jina la aliyefanya na sababu. Mama anapata anachohitaji, yaani hesabu ya jioni kutoka sawa. Papa naye anapata anachohitaji, yaani hakuna kitu kinachopotea. TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni hivyo hivyo: kiwango cha kawaida ni 16%, lakini bidhaa gani inatozwa vipi usiulize mlangoni. Hilo ni swali la mhasibu wao, na jibu lake liingie kwenye daftari kwa jina la kazi yake.

Kisha kuna maamuzi ambayo hayakutolewa kabisa, na haya ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Hakuna aliyekuambia programu ifanye nini umeme wa SNEL ukikatika faktura ikiwa nusu. Hakuna aliyekuambia ifanye nini Kasumbalesa ikikosa mtandao. Ukilichunguza hili la pili utaona linagonga moja kwa moja hitaji letu la deni: kama kikomo kinajumlisha matawi yote mawili, tawi lisilo na mtandao haliwezi kujua mteja amechukua nini Kenya asubuhi ile. Ukizuia deni lote mtandao ukikosekana, mteja wa mpakani anaondoka. Ukiruhusu, mtu anaweza kuchukua kikomo chake mara mbili kwa siku moja. Au unaweka kikomo kidogo cha tawi kinachotumika wakati huo tu. Hakuna jibu la kiufundi hapo. Ni suala la hasara ipi Papa yuko tayari kuibeba, na ni yeye tu wa kulijibu. Mpelekee tena mfano wenye namba: mteja mwenye kikomo cha 500, asubuhi amechukua vya 400 Kenya, mchana yuko Kasumbalesa anataka vya 300, mtandao hakuna.

Usisahau saa pia. Kama Papa anataka mauzo yafungwe saa kumi na mbili jioni, andika kwamba ni saa ya Lubumbashi. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima, na seva yako huenda inafuata saa nyingine kabisa.

Sahihi uiombe mara chache, na mahali inapostahili: kwenye bei ya kazi, kwenye orodha ya vipande utakavyokabidhi, na pale uamuzi mpya unapoongeza kazi ya siku nyingi. Kwa maamuzi ya kila siku, "ndiyo" yake ya odio chini ya mfano wako inatosha, mradi uihifadhi. Karatasi nayo ibadilishe sura. Kila mwisho wa wiki chapa maamuzi ya wiki hiyo, ukurasa mmoja, maneno yake na mifano yake, umwachie depo kama kumbukumbu yake. Atayasoma akiwa na nafasi, na atakachokiona kibaya atakuita mwenyewe.

Kwa ile kazi ambayo mmeshabishania, usiitetee na usiifute. Chukua kipande hicho, tunga mfano mmoja unaoonyesha programu inavyofanya leo, na mwingine unaoonyesha kile unachodhani Papa alikusudia, kwa mteja yule yule na namba zile zile. Mpelekee yote miwili kesho asubuhi kabla malori hayajafika, achague. Atakachochagua kiwe namba moja kwenye daftari lako.